Mafuta ya Nanaa: Namna ya Kuyatambua kwa Pua na Kuyatumia Nyumbani

Mtu aliyezoea kutia majani ya nanaa katika chai hushtuka anapofungua chupa ya mafuta yake kwa mara ya kwanza. Harufu anaijua, lakini imekolea kiasi cha kumchoma puani, na wengi huirudisha chupa kabatini wakiamini kwamba wameuziwa kitu kilichoharibika. Mara nyingi mafuta hayana kosa lolote; kosa ni kuyanusa moja kwa moja kwenye mdomo wa chupa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyanusa ipasavyo, kuyakagua kabla ya kununua, kuyapima, na kuyatumia mwilini, chumbani na katika sabuni, pamoja na mambo ambayo ni afadhali yasifanywe kabisa.

Neno moja kuhusu jina. Watu wengi siku hizi huyaita mafuta ya aina hii "mafuta muhimu", na mimi sijawahi kulipenda jina hilo, kwa sababu limetokana na tafsiri ya harakaharaka: neno lililofasiriwa lilikusudia kiini cha mmea, yaani ile harufu yake, wala halikusudii kwamba mafuta hayo ni ya lazima kwa mtu yeyote. Hapa nitayaita mafuta ya nanaa tu, na nikisema hivyo nakusudia yale yaliyopatikana kwa kukeneka majani kwa mvuke, yaani kuyapitishia mvuke unaobeba mafuta yake, si mafuta ya nazi yaliyolowekewa majani ya nanaa kwa wiki mbili juani. Hayo ya kulowekwa ni mazuri kwa kujipaka, ila hayana nguvu hata kidogo ukiyalinganisha na haya, na vipimo vyake ni tofauti kabisa.

Kwanza, hakikisha ni nanaa ipi

Nanaa tunayoijua sokoni, ile yenye majani yaliyochongoka, yenye meno pembeni na yanayokaa karibu bila kikonyo, ndiyo ambayo wataalamu wa mimea huiita *Mentha spicata*. Jina letu tumelipata kwa Waarabu, na ndiyo nanaa inayotiwa katika chai kuanzia Moroko hadi Omani. Kuna ndugu yake anayeuzwa kwa wingi zaidi katika chupa ndogo, naye ni nanaa ya peremende, *Mentha × piperita*, ambayo ni chotara wa nanaa ya kawaida na nanaa ya majini. Tofauti yao si ndogo. Peremende ina mentholi nyingi, ambayo mara nyingi hufika thuluthi moja ya mafuta au zaidi, na mentholi ndiyo inayoleta ule ubaridi unaopanda hadi kwenye paji la uso. Nanaa ya kawaida ina mentholi kidogo sana. Kinachotawala ndani yake ni karvoni, ambayo kwa kawaida huwa nusu ya mafuta au zaidi, ikifuatiwa na limonini, kitu kilekile kinachonukia katika ganda la chungwa.

Kwa hiyo anayenunua mafuta ya nanaa akitafuta ubaridi amekosea duka. Haya huyapimi kwa ubaridi bali kwa utamu wake, na jambo hili ndilo la kushika katika kila hatua itakayofuata.

Soma lebo. Jina la kisayansi la mmea liwepo, nchi ya asili iwepo, na namba ya toleo iwepo. Ukikuta *Mentha × gracilis*, hiyo ni nanaa ya Uskoti, ambayo licha ya jina lake hulimwa sana Marekani, hasa katika majimbo ya magharibi kama Washington na Idaho; nayo ina karvoni nyingi na hutumika kwa namna ileile. Ukikuta *Mentha arvensis*, hiyo ni nanaa ya mentholi inayolimwa sana India, nayo iache kwa kazi hizi. Shirika la kimataifa la viwango, ISO, lina kiwango chake cha mafuta haya, namba 3033, kilichogawanywa kulingana na asili ya mafuta. Muuzaji wa jumla anayeijua bidhaa yake hatashangaa ukimtajia namba hiyo.

Pili, nusa kwa karatasi

Kata ukanda wa karatasi nyeupe isiyong'aa, upana wa kidole kimoja na urefu wa kiganja. Dondoshea tone moja kwenye ncha, subiri nusu dakika ili ule ukali wa mwanzo upungue, kisha upitishe ukanda huo mbele ya pua kwa umbali wa shubiri moja bila kuugusisha. Vuta pumzi fupi mbili au tatu, si ndefu, kwani pua huchoka upesi na ikichoka haitakuambia kitu.

Kitakachokuja kwanza ni ile limonini: wepesi kama wa ganda la chungwa linalomenywa karibu nawe. Huo hupita. Nyuma yake huja karvoni, na hapo ndipo utakapoikuta nanaa yenyewe, tamu, ya kijani, yenye joto kidogo, kama jani lililopondwa baina ya vidole. Wengi hukumbuka chingamu, na hawakosei, maana kampuni ya Wrigley ilianza kuuza chingamu ya harufu hii huko Chicago mwaka 1893, na tangu hapo harufu ya nanaa na ya chingamu zimekuwa kitu kimoja katika vichwa vya watu. Rudi kwenye karatasi baada ya saa moja: utamu umepungua na kumebaki kitu kama nyasi zilizokatwa jana. Kesho yake karibu hakuna kitu. Huwezi kuyalaumu mafuta ya nanaa kwa hilo, kwani hayakai kwenye nguo kama udi wala hayadumu kama langilangi. Ni harufu ya kuingilia mlangoni, si ya kulala nayo.

Kuna jambo moja kuhusu karvoni ambalo hunifurahisha kila ninapolikumbuka. Molekuli yake ina maumbo mawili yanayofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto: kila kidole kipo, ila glavu ya mmoja haimwingii mwenzake. Umbo moja ndilo lililomo katika nanaa. Jingine ndilo lililomo katika kisibiti, kile kiungo chembamba cha rangi ya kahawia. Mwaka 1971 makala mbili katika jarida la Science zilionyesha kwamba tofauti ya harufu hizo mbili inatokana na umbo lenyewe na si uchafu uliobaki katika mafuta, maana yake ni kwamba pua ya binadamu inajua kutofautisha kulia na kushoto. Ukitaka kulithibitisha kwa gharama ndogo, ponda kisibiti kidogo, ukiweke kando ya karatasi yako ya nanaa, kisha unuse kimoja baada ya kingine.

Tatu, kagua kama yamechanganywa

Iache ile karatasi hadi siku inayofuata, kisha iinue kuelekea kwenye mwanga. Mafuta safi ya nanaa huwa yameruka yote, au yameacha kivuli hafifu. Yakiwa yamechanganywa na mafuta ya kupikia, patabaki doa linalopenyeza mwanga kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Mimi mwenyewe niliwahi kununua chupa ya mililita 10 kwa bei iliyonifurahisha, nikaitumia wiki nzima nikishangaa kwa nini harufu ni dhaifu, na nilipokumbuka kufanya jaribio hili doa lilikuwa bado pale siku ya nne. Tangu siku hiyo chupa mpya haiingii kabatini kabla ya karatasi.

Jaribio hili halishiki kila udanganyifu, kwa mfano aliyechanganya na pombe au na karvoni ya kiwandani hatakamatwa kwa njia hii. Hapo bei inasaidia kidogo. Ili kupata mafuta haya, nanaa hukatwa ikiwa inachanua, huachwa inyauke, kisha hupitishiwa mvuke. Mvuke huo huyabeba mafuta, hupozwa katika bomba, na mafuta hutengana na maji chomboni. Kilo 100 za majani mabichi kwa kawaida hazitoi hata kilo moja ya mafuta. Anayekuuzia chupa kwa bei ya soda hawezi kuwa amefanya kazi hiyo yote.

Waliowahi kufika kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) cha Wawi, Pemba, watakuwa wameiona kazi ya namna hii, ingawa kwa karafuu mambo huwa kinyume pale chomboni: mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji na huzama, na ya nanaa ni mepesi na huelea. Tone moja katika bilauri ya maji litakuonyesha.

Nne, pima kabla ya kugusa ngozi

Hapa ndipo watu wengi huharibu, kwa hiyo nitakawia kidogo.

Mafuta ya nanaa hayapakwi yakiwa matupu. Karvoni inaweza kuifanya ngozi ikatae, na ngozi ikishakataa kitu, mara nyingi hukikataa maisha yote. Vitabu vya usalama wa mafuta haya huweka mpaka wa asilimia 1.7 kwa ngozi ya mtu mzima. Mimi sioni sababu ya kuukaribia mpaka huo: asilimia 1 inatosha kwa mwili, na nusu ya asilimia inatosha kwa shingo na kifua. Usoni sishauri kabisa.

Kwa hesabu ya nyumbani, mililita moja ni takriban matone 20, na kijiko cha chakula hubeba mililita 15. Ukichukua vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya nazi, ya ufuta au ya zeituni, yaani mililita 30, matone 6 ya nanaa yatakupa asilimia 1. Kwa chupa ya mililita 100, weka matone 20. Lakini matone hayalingani, kwa sababu tundu la kizibo cha kila chupa lina upana wake. Ukitaka kuwa na uhakika, nunua duka la dawa bomba dogo la mililita moja, uliondoe sindano, na uhesabu mara moja ni matone mangapi ya chupa yako yanalijaza. Andika namba hiyo kwenye lebo. Kazi ya dakika mbili itakuokoa na kubahatisha kwa mwaka mzima.

Baada ya kuchanganya, paka kidogo kwenye sehemu ya ndani ya kiwiko na usubiri saa 24 bila kuosha. Pakiwasha, pakiwa pekundu au pakivimba, osha kwa sabuni na uyaache mafuta hayo kwa kazi za sakafuni.

Tano, yatumie

*Kuchua miguu.* Huu ndio utumiaji ninaoupenda kuliko mingine. Mtu aliyeshinda amesimama dukani au darasani aoshe miguu kwa maji ya vuguvugu, aikaushe vizuri, kisha achukue kijiko cha chai cha mchanganyiko wa asilimia 1 na kuchua kuanzia kisigino kupanda hadi chini ya goti, taratibu, kama dakika tano kila mguu. Sidai kwamba nanaa inatibu chochote hapo. Kinachopumzisha ni mikono, na harufu inamfanya mtu asiikatishe kazi mapema. Pale ambapo pana jeraha au ngozi iliyopasuka hadi nyama kuonekana, ruka.

*Kuoga.* Usidondoshee mafuta kwenye ndoo au beseni. Hayayeyuki katika maji. Huelea juu yakiwa matupu, na kata ya kwanza utakayojimwagia itayabeba yote hadi kwenye ngozi laini, mahali ambapo hutasahau upesi. Changanya matone matatu na kijiko cha chakula cha sabuni ya maji isiyo na harufu, kisha jisugulie kwa dodoki kama kawaida.

*Kupiga nyungu.* Wapo wanaoongeza nanaa katika nyungu ya mkaratusi na mchaichai, na harufu yake hulainisha ukali wa mkaratusi vizuri sana. Tone moja, yasizidi mawili, kwa bakuli kubwa la maji ya moto yaliyoachwa dakika chache baada ya kuchemka. Macho yafumbwe muda wote, na dakika tano zinatosha. Mtoto asiingizwe chini ya shuka hilo, kwani hatari kubwa hapo ni maji ya moto kumwagika kuliko hata mafuta yenyewe. Mwenye pumu naye asijaribu.

*Chumbani.* Kwa chombo cha umeme kinachotoa ukungu, matone matatu hadi matano kwa maji ya mililita 100, kwa nusu saa, dirisha likiwa wazi kidogo, kisha kizimwe. Asiye na chombo hicho anaweza kudondoshea matone mawili kwenye donge la pamba akaliweka kwenye kisahani mbali na mikono ya watoto. Usiyadondoshee kwenye makaa ya chetezo ukidhani yatafanya kazi ya udi: mafuta haya yanashika moto, na kabla hayajashika huungua na kutoa moshi mchungu usio na nanaa ndani yake. Nyumba yenye paka ni afadhali isitumie kabisa, kwa kuwa ini la paka linashindwa kuchakata vitu vingi vya aina hii. Kwa kuchanganya, nanaa inaelewana na chungwa, ndimu, mchaichai na lavenda. Na asumini inagombana, angalau puani mwangu.

*Sabuni ya kipande.* Kwa anayetengeneza sabuni kwa kostiki soda bila kupika, mafuta ya nanaa hutiwa mwishoni, mchanganyiko unapoanza kuwa mzito kama uji mwepesi na mwiko unapoacha alama juu yake. Gramu 20 kwa kila kilo moja ya mafuta ya sabuni zinatosha. Ukitia mapema, kostiki na joto vitaila harufu. Ukichelewa, sabuni itaganda kabla hujaikoroga sawasawa na utapata vipande vyenye madoa ya mafuta. Wapo wanaoongeza karafuu kidogo ili harufu idumu, na wazo ni zuri, ila wajue kwamba karafuu huharakisha kuganda kwa sabuni, kwa hiyo vibao vya kumiminia sabuni viwe tayari mezani kabla ya kuitia. Sabuni inapokaushwa wiki nne hadi sita, sehemu ya nanaa itapotea hewani; ikishakauka, ifungwe kwa karatasi na isiachwe wazi kwenye rafu.

Sabuni hiyo haitakuwa ya kijani. Mafuta ya nanaa hayana rangi, au yana umanjano hafifu, na mteja anayedai kijani atahitaji unga wa mlonge, ambao nao hugeuka kahawia baada ya miezi michache.

*Usafi wa nyumba.* Matone 10 katika kijiko cha sabuni ya maji, kisha katika ndoo ya kupigia deki. Hakuna zaidi ya kueleza.

Kazi nyingine ya mafuta haya si ya nyumbani, lakini inastahili kutajwa, kwa sababu wachache huiamini wanapoisikia. Katika maghala ya viazi huko Ulaya, mafuta ya nanaa hupashwa moto na kupulizwa yakiwa mvuke ili viazi visichipue. Umoja wa Ulaya ulipokataa mwaka 2019 kuendelea kuidhinisha klorprofamu, dawa iliyokuwa imezoeleka kwa kazi hiyo, na matumizi yake yakakoma mwaka 2020, nanaa ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyochukua nafasi yake. Nguvu ileile inayochoma macho ya chipukizi la kiazi ndiyo iliyomo katika chupa yako ndogo, na anayelikumbuka hilo hatamimina ovyo.

Yasiyofaa

Usiyanywe, wala usiyatie katika chai au juisi kwa kipimo cha kukisia. Ni kweli kwamba viwanda vya dawa za meno na pipi huyatumia, lakini hupima kwa mizani na huyachanganya kwa namna ambayo jikoni haiwezekani. Kwa chai, vijitawi viwili vya nanaa mbichi hutoa ladha nzuri kuliko tone lolote, na havigharimu kitu kwa aliyeotesha kopo moja dirishani.

Mtoto wa chini ya miaka mitatu asipakwe wala asiwekewe karibu na pua. Mjamzito na anayenyonyesha wamuulize kwanza daktari au mkunga. Yakiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika kumi na tano na uende kituo cha afya. Mtoto akiyameza, usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja ukiwa na chupa yenyewe mkononi, ili waione lebo.

Kuhifadhi

Chupa iwe ya kioo cha rangi nzito, ikae mahali penye giza na ubaridi, na kizibo kikazwe kila baada ya matumizi. Usiyahamishie kwenye chupa laini ya plastiki, kwani limonini hula baadhi ya plastiki. Niliwahi kukuta kizibo changu kimelegea na kunata kama ulimbo baada ya wiki tatu. Hewa nayo ni adui: limonini ikikutana na hewa kwa muda mrefu hugeuka kuwa vitu vinavyoiwasha ngozi, ndiyo maana chupa iliyobaki robo huharibika haraka kuliko iliyojaa. Mafuta yakipungua sana, yahamishie kwenye chupa ndogo zaidi ya kioo.

Andika kwenye lebo tarehe uliyoifungua chupa. Baada ya miaka miwili, au mapema zaidi ikiwa harufu imeanza kufanana na vanishi na tone linavutika kwa uzito, chupa hiyo iondoke kwenye kabati la chumbani na ihamie kando ya ndoo ya deki.